Aliyegonga Bomba

Rafiki yangu ni fundi bomba, na si mtu wa kutia chumvi. Jioni moja, akiwa hoi kwa kazi, aliitwa kwenye nyumba kuukuu. Choo kilikuwa kimeziba wiki nzima, na mama mwenye nyumba, ambaye miguu ilikuwa imemwisha nguvu, alikuwa akibebwa mgongoni na bintiye kwenda choo cha jirani.

"Kaka, leo kiishe. Mgongo wangu si wa punda," binti alimwambia.

"Basi ingia chooni ugonge bomba. Nitakufuata kwa sikio."

Nyumba za zamani hazina ramani. Fundi alilala kifudifudi kwenye korido yenye giza, sikio sakafuni, akaufuata mlio hadi ulipofifia. Akavunja sakafu hapo, akazibua. Maji yakaenda.

"Dada, inatosha!"

Mlio ukakoma.

Ndipo binti akaingia kwa mlango wa mbele, mama mgongoni, akihema. "Samahani, kaka. Mama alibanwa, tukatokea mlango wa nyuma kwenda kwa jirani kabla sijagonga hata mara moja. Sasa nimwingize?"

 Fundi aliingia chooni kwanza yeye, akamulika kwa tochi. Rangi ya bomba ilikuwa imetoka kubanduka kwa kugongwa, upande ulioshikana na ukuta, pasipopenya hata kidole.