Sauti Iliyohesabu Mayai ya Muinat

Simu ile iliingia saa nne asubuhi, na haikuonyesha namba. Pale Ikeja, kwenye kituo cha simu cha kampuni ya umeme, kila anayepiga namba yake hutokea kwenye kioo. Safari hii kioo kilibaki kitupu. Muinat akadhani mtambo umegoma, akajibu kama kawaida: "Habari za asubuhi, nikusaidie nini?"

Kwanza alisikia kitu kikifyonza, kama mdomo mdogo unaotafuta titi. Kisha ikaja sauti ya mwanamke, ya upole.

"Leo wako kumi na mmoja."

"Wapangaji kumi na mmoja, mama? Nyumba namba ngapi?"

Simu ikakatika.

Mchana aliomba ruhusa ya saa moja kwa kusingizia jino, akakimbilia kliniki. Daktari alipitisha kipimo, akahesabu mayai yaliyokuwa yanakomaa tumboni mwake. Kumi na moja. Muinat alivaa viatu vyake, akarudi kazini.

Angemwambia nani? Siri ile ilikuwa ya watu watatu: yeye, dada yake Sherifat, na shemeji. Sherifat alikuwa na miaka tisa ya ndoa na mimba nne zilizotoka. Madaktari walisema mayai yake yamechoka mapema. "Wewe ni damu yangu, Muinat," alimwambia huku amemshika mikono yote miwili. "Sitaki mayai ya mtu nisiyemjua." Muinat hakumwacha amalize, akakubali. Tangu siku hiyo alibeba sindano zake za kukomaza mayai kwenye chupa ya chai yenye barafu, na kila jioni saa moja alijifungia chooni kazini, akajidunga, akarudi kupokea simu kabla kiti hakijapoa.

Msimamizi wake, Bwana Oyelaran, alishaanza kunusa. "Muinat, jino gani hilo linauma kila baada ya siku moja? Si uling'oe, sote tupumzike!" Wenzake wakacheka. Naye alicheka, tumbo limemjaa kama mtu aliyekula amala sahani tatu.

Siku ya kumi ya sindano simu ikarudi. Safari hii kulikuwa na harufu. Ilitoka ndani ya hedifoni, harufu ya kichanga na maziwa yaliyochacha.

"Leo kumi na watatu," ilisema ile sauti. "Una wengi. Dada yako anataka mmoja tu. Mimi sina hata mmoja. Nipe mmoja."

Wateja ishirini na watatu walikuwa kwenye foleni. Bwana Oyelaran alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake akitazama saa. Mdomo wa Muinat ulijisemea wenyewe, kama ulivyosema mara mia kila siku:

"Ombi lako limepokelewa, mama. Litashughulikiwa."

"Asante, mwanangu," ilisema sauti, ikacheka taratibu.

Sherifat aliposimuliwa hakucheka. Alivaa hijabu, akamshika mdogo wake mkono hadi mtaa wa Mushin kwa Alfa Kasali, mwalimu wa dini mnene wa makamo aliyezima kwanza simu zake mbili ndipo akasikiliza.

"Huyo ni jini mgumba," alisema kwa kunong'ona. "Na hakuiba. Ameomba, umempa."

"Sikukusudia, Alfa! Ni maneno ya kazini!"

"Yeye hajui kazini kwenu. Amesikia kinywa chako. Sasa kinywa hicho hicho kimkatalie, kwenye simu hiyo hiyo, kabla daktari hajayatoa mayai. Soma Ayatul Kursi, kisha mkatalie."

"Na asipopiga?"

"Umemwahidi. Atapiga kuulizia."

Mayai yalikuwa yatolewe Ijumaa. Alhamisi daktari alimtaka alale, lakini Muinat alikwenda kazini, akakaa kwenye kiti chake tangu asubuhi, akipokea malalamiko ya mita na nguzo zilizoanguka, kila mlio ukimkata maini. Saa tisa alasiri umeme ukazimika, jenereta ikagoma, vioo vyote vikawa vyeusi, na katika ukimya ule hedifoni yake peke yake ikalia, na ile harufu ikamjaa puani na kooni, na mdomo mdogo ukafyonza sikioni mwake kwa karibu mno, kana kwamba kichanga kimelazwa begani pake, na Muinat akasoma kwa ulimi mzito, akakosea, akaanza upya, akafika mwisho, akasimama na kupiga kelele mbele ya watu wote: "Sikupi! Sikupi hata mmoja! Ombi lako limekataliwa!"

Kilio cha mtoto kikatoka kwenye hedifoni zote arobaini. Watu walizivua na kuzitupa chini. Kisha umeme ukarudi.

"Umemfokea mteja," alisema Bwana Oyelaran, uso umempauka. "Nenda nyumbani. Wiki mbili. Usiniulize kitu."

Ijumaa, alipozinduka kliniki baada ya kutolewa mayai, daktari alikuwa anatabasamu. "Tumepata mayai kumi na mawili mazuri."

"Yalikuwa kumi na matatu."

"Kifuko kimoja tulikikuta kitupu. Hutokea."

Muinat aligeukia ukutani. Sherifat alikuwa analia kwa furaha pembeni ya kitanda, na Muinat hakumwambia lilikokwenda la kumi na tatu.

Mimba ya Sherifat ilishika. Mtoto wa kike alizaliwa salama, na siku ya nane, ya kumpa jina, nyumba ilijaa wageni waliovaa lesi ya rangi moja, wakila na kumwombea mtoto. Muinat alikuwa anagawa vinywaji aliposikia titi lake la kushoto linavutwa. Lilivutwa tena, kwa njaa. Alitazama chini, akaona lesi imelowa maziwa, yeye ambaye hajawahi kuzaa.

Aligeuka haraka kumtafuta mtoto. Alikuwa mikononi mwa Sherifat, upande wa pili wa ukumbi, amelala fofofo, mdomo umefumba.

Titi likaendelea kuvutwa.