Wiki Redio Alipokuwa Sauti ya Shangazi

Kila asubuhi majirani walijua saa bila kutazama ukutani. Wakisikia maneno yakishuka ngazi mfululizo, walisema, "Redio huyo, anampeleka mdogo wake shule." Huyu hakutumia betri. Alikuwa msichana wa darasa la sita aliyepewa jina hilo na baba yake, kwa sababu hata akipiga mswaki alikuwa anaongea. Mdogo wake, Kitufe, alikuwa mviringo na mkimya. Njia nzima jibu lake lilikuwa moja tu: "Mmm."

Shangazi yao alifundisha darasa la awali shuleni hapo. Nyumbani aliitwa Shangazi. Ukivuka geti la shule, Mwalimu. Ukisahau, jicho lake lilikukumbusha.

Jumatatu moja Mwalimu huyo alifungua mdomo kusalimia watoto, ikatoka hewa tupu. Mafua yalikuwa yamemkausha sauti. Na Ijumaa Mwalimu Mkuu angekuja kusikiliza ni nani anayeweza kusoma, apande darasa la kwanza. Kitufe alishabaki awali mwaka uliopita. Wenzake wa zamani walimwita Mzee wa Awali, naye alicheka nao, kisha akaenda kukaa peke yake nyuma ya tangi la maji.

Kwa kuwa darasa la sita lilishamaliza mitihani, Shangazi alimwita Redio na kumwandikia ubaoni: "Uwe sauti yangu."

"Kuongea?" Redio aliruka. "Mwalimu, hiyo kazi nimezaliwa nayo!"

Kumbe kazi yenyewe haikuwa na maneno mengi. Shangazi aliinua kadi ya s, akakutanisha meno. Redio akatoa sauti, "Sss," na darasa zima likavuja kama gurudumu lililotobolewa na msumari. Kisha kadi ya m. Shangazi alifunga midomo, akawawekea watoto vidole juu ya pua zao wausikie mtetemo. Asubuhi yote ikaishia kwenye herufi chache tu.

"Kwa mwendo huu," Redio alinong'ona, "tutafika z tukiwa na mvi."

Kesho yake Shangazi alikwenda zahanati, na mwalimu wa chumba cha pili akawa anachungulia dirishani. Redio akaona nafasi. Alitundika kadi zote kwenye kamba, kila moja na kibanio cha nguo cha rangi yake, akatunga wimbo: "A, be, che, de!" Kufikia mapumziko, watoto waliimba kama mvua juu ya bati. Hata Kitufe aliimba.

"Baba, Kitufe anajua kusoma!" Redio alitangaza jioni. Baba alimrusha mtoto juu karibu aguse dari. Kitufe alicheka mpaka akapata kwikwi.

Jumatano Shangazi alirudi, akasikiliza wimbo, akapiga makofi. Halafu, akiacha kila kibanio palepale kilipokuwa, akazibadilisha kadi nafasi. Akaelekeza fimbo kwenye m.

"Be!" wakapaza sauti wote.

Shangazi akamtazama Kitufe, nyusi juu.

"Ni be, Mwalimu," Kitufe alisema kwa uhakika. "Si ina kibanio chekundu?"

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Redio alizimika.

"Nimeharibu, Mwalimu," alisema baadaye, macho chini.

Shangazi aliandika: "Umewafundisha wimbo mzuri. Sasa tuwafundishe kusoma."

Jioni ile Redio alimeza mate kabla ya kumeza chakula. "Baba, jana nilijisifu bure. Kitufe bado hajui kusoma."

Kijiko cha Kitufe kilisimama hewani. "Basi nitabaki tena?"

"Mmm," Redio aliguna kwa huzuni, kisha akashtuka. "Kitufe! Sauti hiyo unaitoa kila siku njiani! Hiyo ndiyo m yenyewe!"

Kitufe aligusa pua yake. "Mmm," akasema, na macho yakamtoka.

Basi ungemwona Shangazi siku iliyofuata! Bila sauti, mwili wake wote ulifundisha. Aliweka karatasi mbele ya mdomo, akatamka p, karatasi ikaruka, watoto wakaruka pia. Alisogeza s karibu na a, polepole kama majirani wanaosalimiana, mpaka sauti zikashikana. Redio alitoa sauti aliyoombwa, basi. Na aliyekodolea mdomo ule macho kuliko wote alikuwa Kitufe, maana mkimya huona mengi.

Ijumaa Mwalimu Mkuu aliketi kwenye kiti cha awali, magoti yakakaribia masikio. Alitoa kadi aliyoiandika mwenyewe, isiyo na kibanio, akamnyooshea Kitufe.

Kitufe alimtazama dada yake. Jibu lilikuwa limemjaa Redio mdomoni kama maji. Akajiziba kwa mikono miwili.

"Sss... i. Si," Kitufe alianza. "Mmm... a. Ma." Akakunja uso. "Mmm... a. Ma. Si-ma-ma." Kisha akapaza sauti kama askari: "Simama!"

Mwalimu Mkuu akasimama. Kiti kikasimama naye, kimemng'ang'ania suruali.

"Nimetii amri," alisema huku darasa likivunjika mbavu. "Huyu aje darasa la kwanza."

Shangazi alimvuta Redio pembeni. Sauti yake ilikuwa imerudi kidogo, yenye mikwaruzo.

"Mtoto akikariri, tunafurahi sisi. Akielewa, anafurahi yeye. Siku nyingine usisifie mkate ambao bado ni unga. Lakini kusema kweli mbele ya baba yako, na kufunga mdomo leo, hapo umekuwa mwalimu."

"Ahsante, Shangazi... samahani, Mwalimu."

Wakirudi nyumbani, Redio alifungua mdomo aanze hadithi.

"Dada, ngoja kwanza," Kitufe alisema, akikodolea macho maandishi ya mlango wa duka. "Nasoma."

Redio akangoja, kimya, njia nzima. Siku hiyo majirani hawakujua ni saa ngapi.