Diwani Anatafutiwa Nyumba

Mtaa wa maduka ya vitambaa ulikuwa umefurika watu pale mbwa mkubwa kama ndama alipoamua kwamba amechoka. Akajitupa juu ya robota la kitambaa cha mapazia mlangoni mwa duka moja, akafumba macho. Mwenye kamba, kijana mrefu wa ovaroli ya kijivu yenye madoa ya grisi, alivuta. Mbwa hakuvutika.

Akatoka mwanamke wa gauni la njano, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni.

"Kaka, hicho kitambaa ni cha mteja."

"Samahani dada. Na huyu ni mteja, anapima ulaini."

Mwanamke alitaka kununa, ikashindikana. "Anaitwa nani?"

"Diwani. Anasikiliza kila mtu, halafu hafanyi kitu."

Hapo akacheka, na kijana akasahau alikokuwa anakwenda.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza lifti. Alimkuta Diwani kwenye jengo lililohamwa, amefungwa mnyororo chumba cha mashine, mbavu zinahesabika. Alimlisha, mbwa akanawiri, na sasa mwenye nyumba amesema mwezi ukiisha wakati mbwa bado yumo, atawaita watu wa manispaa. Mbwa anayechukuliwa na hao harudi.

"Chumba chenyewe kimoja," alisema. "Diwani akitaka kugeuka, mimi natoka nje kwanza."

"Mimi nashona mapazia," alisema mwanamke. "Naingia nyumba za watu mpaka vyumbani kupima madirisha. Najua nani ana uwanja, nani ana ukuta, nani ana upweke. Nipe namba yako, fundi."

"Na wewe nipe yako, fundi."

Basi ikawa kila jioni, kazi zikifungwa, wanatoka watatu kumtafutia Diwani nyumba. Mwanamke mbele na futi yake, mbwa katikati, fundi wa lifti nyuma, ovaroli kaivua, shati kalipiga pasi mpaka linasimama lenyewe. Mchana simu hazikukauka.

"Fundi, umekula?"

"Nani anauliza, wewe au Diwani?"

"Diwani. Mimi naona haya."

"Mwambie nimekula. Na wewe usiyeuliza, nakusubiri saa kumi na moja."

Ajabu ni kwamba kila nyumba ilianza na ndiyo ikaishia na hapana. Mwalimu wa muziki alifurahi, kesho yake akabadilika. Kinyozi vilevile. Mwezi ukawa unayoyoma. Ndipo wakafika kwa nesi mstaafu, mjane mwenye ukuta mrefu na uwanja wenye kivuli, asiye na wa kuongea naye ila redio. Diwani alimlalia miguuni kama aliyezaliwa pale. "Mleteni kesho," alisema mama.

Asubuhi akapiga simu dukani.

"Mwanangu, mapazia yako nayapenda. Lakini mbona hukuniambia huyu mbwa anang'ata?"

"Nani kasema, mama?"

"Mwenzako. Ulipokwenda kupima dirisha la jikoni."

Mwanamke akampigia mwalimu wa muziki, akampigia na kinyozi. Wimbo ulikuwa mmoja. Kisha akampigia fundi mwenyewe.

"Wewe, umewaambia nini wateja wangu?"

"Mimi nili..."

"Hawa watu wananifungulia vyumba vyao vya kulala. Wananiamini. Sasa wanaona nawapelekea mbwa mkali huku naapa ni mpole. Kama hutaki aondoke, si ungesema?"

"Mpenzi, nisikilize..."

"Mpenzi wako ni huyo mbwa." Akakata.

Ndiyo mara ya kwanza kumwita mpenzi, na ndivyo neno lilivyopokelewa.

Kijana alikaa kitandani, Diwani akamtazama. Hakuwa anamng'ang'ania mbwa. Alijua mbwa akipata nyumba, zile jioni zimekwisha. Anayeshinda kwenye shimo la lifti hana visababu vingi vya kutembea na mwanamke mzuri. Lakini mwezi ulikuwa ukingoni, na watu wa manispaa hawana habari na mapenzi ya mtu. Akavaa lile shati, akashika kamba, akaenda kubisha kwa nesi.

Siku chache baadaye mama huyo akapiga tena dukani: njoo, pazia la sebuleni limevutwa likaanguka. Mwanamke alipofika alimkuta Diwani amejilaza juu ya hilo pazia, na redio imezimwa.

"Alikuja akakiri uongo ni wake," alisema nesi. "Nikamuuliza, ulitaka nini? Akasema, mama, mbwa akipata kwake, mimi yule dada nitamwona kwa sababu gani? Akanipa kamba, akatoka. Mbwa alitulia. Yeye nilimwona amegeukia ukuta anafuta macho."

Mwanamke alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa taratibu.

"Na kwa wengine amepita kuomba radhi," aliongeza nesi. " Mwalimu wa muziki kaniambia."

Mwanamke alimpata fundi kwenye ukumbi wa jengo refu, watu wamejaa wanasubiri lifti, yeye kichwa na mabega nje ya shimo, uso mweusi kwa grisi.

"Fundi."

Akajigonga kichwa.

"Uliniharibia kwa wateja kwa ajili ya jioni?"

"Ndiyo."

"Si ungesema tu."

"Ningesemaje? Wewe unaingia majumba ya watu wazito. Mimi natoka shimoni, unaniona."

Waliokuwa wanatazama saa wakaacha. Mzee mmoja mwenye mkoba akanong'ona, "Dada, mjibu, tunachelewa."

"Uongo wako umeniuma," alisema mwanamke. "Usirudie."

"Sirudii."

"Diwani amepata kwake. Mimi bado nafunga duka peke yangu. Leo njoo."

"Nije na sababu gani? Mbwa sina."

"Njoo bila sababu. Na Jumapili twende kwa mama yangu, ukamwambie mwenyewe unachotaka kwangu."

"Nitamwambia nataka kukuoa."

Mwanamke akatafuta pa kuweka macho, akakosa. "Basi mwambie hivyohivyo, mpenzi. Usiongeze kitu."

"Hongereni sana," alisema mzee wa mkoba. "Na lifti je?"

"Leo pandeni ngazi, baba," alisema mwanamke, akimpa fundi mkono atoke shimoni.