Tiketi za Vipande

Ndugu wasomaji, nyumba ninayotaka kuwaeleza ilikuwa na amani, na Jumapili ile jioni amani yake ilionekana wazi. Mama Pacha alikuwa anapiga pasi sare za shule. Mapacha wake, wasichana wa miaka tisa, walikuwa sakafuni wanachora treni ndefu kuliko karatasi. Baba yao, fundi makufuli, alikuwa mezani amefungua kitasa cha mteja, anakichungulia kwa jicho moja. Ijumaa wangepanda treni kwenda kwa bibi, wavuke nchi jirani na kuingia ya pili, na mioyo yao ilikuwa imeshatangulia.

Bibi mzaa mama alikuwa na uvimbe kooni. Madaktari walipanga kumpasua Jumatatu ya wiki iliyofuata. Angepona, lakini sauti ingeondoka pamoja na uvimbe, asiseme tena. Alikuwa amempigia bintiye akamwambia, "Mwanangu, njoo kabla hawajaninyamazisha. Nina neno lako, na si la kwenye simu." Na bibi huyo hakuwahi kujifunza kuandika. Mnauona, basi, uzito wa safari ile.

Mama Pacha akaweka pasi kando. "Baba Pacha, jana nilipita stesheni. Ipo tiketi ya familia, moja tu, inatubeba wote wanne mpaka mwisho. Na ni nafuu kuliko kukata kipande kwa kipande."

Fundi hakuinua kichwa. "Nafuu kwa nini?"

"Kwa sababu ni ya familia."

"Nani kakwambia?"

"Karani wa dirishani. Yule ninayeimba naye kwaya."

Hapo akainua kichwa. "Aha."

"Aha nini?"

"Nimesema aha tu."

Mnawajua watu wa namna hii. Kazi yake ilikuwa imemfundisha kwamba kila kufuli linafunguka, naye akaibeba elimu hiyo kutoka kibandani hadi mezani, hadi kitandani, hata ibadani, ambako alisali jicho moja likiwa wazi, likilinda kofia yake.

Kesho yake akaenda stesheni mwenyewe. Karani, dada mpole mwenye miwani ya kamba, alimweleza taratibu. "Shemeji, hii inawalinda. Treni ya kwanza ikichelewa mkakosa ya pili, mtapandishwa inayofuata bila kudaiwa kitu. Ukikata vipande, kila kampuni itakwambia hayo si yake."

"Na wewe hapo unapata nini?"

"Napata mshahara, shemeji."

Fundi akaomba karatasi ya mfano, akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza. "Majina manne kwenye karatasi moja. Ikipotea, tumepotea wote."

"Basi msiipoteze."

Jibu lile lilimtia wasiwasi zaidi, kwa kuwa lilikuja haraka. Akakata vipande: tiketi nne za kufika mpakani mwa nchi ya pili, na nne za kutoka mpakani, kwa bei kubwa kuliko ile ya familia. Alizipanga mezani kama karata. "Nikitapeliwa," alimwambia mkewe, "nitakuwa nimetapeliwa nusu."

Mama Pacha akasema, "Sawa." Ilikuwa sawa ile ambayo si sawa, na kila aliyeoa anaijua.

Ijumaa wakasafiri. Katikati ya njia treni ilisimama saa nne nzima kupisha mabehewa ya mizigo. Walipofika mpakani, treni ya pili ilikuwa imeshaondoka. Abiria wenye tiketi moja walipanga foleni, wakagongewa mihuri, wakapewa viti vya Jumamosi. Zamu ya fundi ilipofika, mtu wa dirishani alizitazama tiketi zake kwa huruma. "Mzee, hizi zilikuwa za treni iliyokwenda. Itabidi ukate nyingine, na nafasi ipo Jumapili. Mtafika Jumatatu mchana."

Mama Pacha alishika ukingo wa dirisha. "Wanampasua asubuhi."

Simu yao haikushika mtandao wa nchi ile. Mwanamke mmoja muuza vitenge, aliyekaa behewa moja nao, akanyoosha yake. "Dada, piga hospitali. Waombe wasogeze mpaka jioni."

Kabla mkono wa mkewe haujaifikia simu, fundi alikwishaingia katikati. "Ahsante, mama. Tutajua la kufanya." Akamvuta mkewe pembeni. "Ukipiga, namba zetu zinabaki kwake. Humjui yule."

"Mama yangu ninamjua," alisema Mama Pacha. Lakini alipogeuka, yule mama alikuwa amekwisha kurudisha simu mkobani. Alijisikia vibaya, na nani angemlaumu?

Hawakupata simu nyingine mpaka treni ya Jumapili ilipoondoka, wakafika Jumatatu, saa nane mchana. Muuguzi aliwapokea mlangoni mwa wodi. "Ametoka salama. Alituomba tungoje, tukangoja mpaka saa nne. Nilimwambia, bibi, kama kuna neno niachie mimi. Akakataa, akasema hilo ni la mwanawe." Kisha akamgeukia fundi. "Wewe ndiye mkwe? Alikuwa anatutuliza. Alisema, msiwe na wasiwasi, mkwe wangu ni mtu mwangalifu, hawezi kukosea tiketi."

Fundi aliketi kwenye benchi la ukutani, akamwacha mkewe aingie.

Ndani, bibi alimwona bintiye akafumbua kinywa. Hakikutoka kitu. Akakifumba, akampapasa uso kwa vidole.

Wiki tatu baadaye walirudi wote, na bibi pamoja nao. Tiketi ilikuwa moja, ya watu watano. Fundi aliinunua mwenyewe, na hakuiinua kwenye mwanga. Sasa kila jioni mapacha humfundisha bibi yao kuandika. Ameshaweza kuandika "mama" na "maji". Fundi hukaa upande wa pili na kitasa chake mkononi, na mara kwa mara huuliza, "Leo ameandika nini?"

"Maji," hujibu Mama Pacha.

"Neno lenyewe je?"

"Bado."

MAFUNZO

Ndugu zangu, uangalifu ni zawadi ya Mungu, lakini shuku ni ugonjwa. Mwangalifu huuliza, akijibiwa kweli hutulia. Mwenye shuku huuliza, na jibu lenyewe humtia homa. Fundi huyu hakutapeliwa na mtu yeyote. Karani alimwambia kweli, mkewe alimwambia kweli, na mgeni alimnyooshea simu kwa moyo safi. Alichopoteza alikipoteza kwa mikono yake, na hakikuwa chake. Kilikuwa cha mkewe.

Basi tuwaulize watu wetu, tuwasikilize, na tunaposali tufumbe macho yote mawili. Na kwa bibi yule, mmwombee nami nimwombee, herufi zimfikishe.