Homa ya Kitindamimba

Kila asubuhi mshonaji alitoa cherehani barazani, akaifuta vumbi, akaitia mafuta. Kisha aliumwagilia maji mtapo, mmea unaofanana na mnazi mfupi, uliokuwa kwenye pipa kando ya mlango. Majani yake yalikuwa magumu, yenye miiba. Kila mteja mgeni alichomwa walau mara moja.

Mtapo huo ulikuwa wa marehemu mama yake. Mama aliulea miaka mingi, akitania kwamba ndiye mtoto wake wa mwisho. Nyumba nzima ikauita Kitindamimba. Mama alipofariki, mshonaji aliachiwa cherehani na mdogo wake huyo wa kijani.

Mwaka huo Kitindamimba alitoa kitu kigeni. Katikati ya majani kilichomoza kitu kama gunzi kubwa la mahindi. Jioni moja mshonaji alikigusa, akarudisha mkono haraka. Kilikuwa na joto, tena kilitoa harufu kali.

"Baba watoto, njoo! Kitindamimba ana homa."

Mumewe, fundi baiskeli, alikuja akijipangusa grisi. Akanusa, akakunja uso.

"Homa gani? Hiki kinaoza. Nikikate kabla hakijaua mti mzima."

"Hukati kitu. Kwanza tumtibu."

Alichovya kitambaa kwenye maji baridi, akakizungushia kile kitu, kama alivyowakanda wanawe walipougua. Kesho yake jioni joto lilirudi. Akakanda tena. Aliogopa sana. Mtapo huo ndio kitu pekee chenye uhai alichoachiwa na mama yake.

"Kesho naleta msumeno," mumewe akasema.

Kabla ya msumeno alifika mteja, mtaalamu wa bustani ya mimea. Mtaani walimwita Bibi Mimea. Alifuata sketi yake iliyotiwa zipu mpya. Akakiona kitambaa.

"Haya, unamkanda nani hapa?"

"Mdogo wangu. Ana homa."

Bibi Mimea alikiondoa kitambaa. Sketi akaisahau.

"Dada, hii si homa. Hii inaitwa koni. Na huyu mdogo wako ni mwanamume! Mitapo ina dume na jike, kila mmoja na mti wake. Koni ya dume ikikomaa, mmea huchoma wanga uliojiwekea akiba. Ndiyo maana ina joto. Joto husambaza harufu, na harufu huita wadudu."

"Wadudu wa nini tena?"

"Wabebe unga huu wa njano, chavua, waufikishe kwa jike. Bila chavua, mbegu za jike haziwezi kuota."

Fundi baiskeli alikuwa amesimama mlangoni, msumeno mkononi. "Nani aliifundisha mimea ujanja huo?"

"Hakuna. Mimea haifanani yote. Iliyowavuta wadudu zaidi ilipata mbegu nyingi zaidi, na watoto wake wakairithi tabia hiyo. Vizazi kwa vizazi, ikawa hivi. Ukoo wa mitapo ulikuwepo duniani kabla ya ua la kwanza kuchanua."

Mshonaji alichungulia kwenye koni. "Mbona hao wadudu siwaoni?"

"Hawapo. Wao huzaliana kwenye koni za mitapo tu. Mitapo ya porini imechimbwa, ikauzwa kupamba nyumba za watu. Ilipokwisha, na wadudu wakaisha. Huyu anaita tu. Hakuna wa kuitika."

Mshonaji alimwonea Kitindamimba huruma.

"Bustanini tuna jike mmoja," Bibi Mimea akaendelea. "Koni yake imefunguka wiki hii. Dume nimemtafuta miaka. Lakini chavua ikiloa, inaharibika."

"Nimeiharibu?" mshonaji akauliza.

"Ya chini imeganda. Huku juu bado hakujafunguka. Msiloweshe tena. Na huo msumeno urudi ulikotoka."

Siku chache baadaye sehemu ya juu ilifunguka, ikiwa kavu. Mshonaji alitandika karatasi. Akachukua brashi ndogo ya kutolea nyuzi kwenye cherehani, akapangusa taratibu. Unga wa njano ukadondoka.

Bustanini, Bibi Mimea aliwaonyesha nyufa nyembamba za koni ya jike. Akatia chavua kwenye mrija mkavu.

"Nipulize?" akauliza fundi baiskeli.

"Pumzi ina unyevu."

"Basi pampu ninayo." Akaunganisha, akasukuma kidogo kidogo. "Dudu wa kwanza duniani mwenye pampu!"

Wote wakacheka. Kisha wakangoja.

Miezi ilipita. Koni ilivunjika, mbegu nyekundu zikamwagika. Bibi Mimea aliziokota kwa glavu. "Zina sumu. Watoto na mbwa wasizikaribie." Akazipanda kwenye mchanga. Kila mara mshonaji alipokwenda aliona mchanga mtupu. Mwisho akaacha kuuliza.

Asubuhi moja Bibi Mimea alifika barazani na kopo. Ndani mlikuwa na mche wenye jani moja.

"Wenzake wako bustanini. Wakikua, tutawarudisha porini. Atakayetaka mtapo wa kupamba nyumba aje kwetu anunue mche. Porini asichimbe. Huyu nimekuletea wewe."

Fundi baiskeli aliligusa lile jani. Likamchoma.

"Huyu ni wa ukoo wenu kabisa," akasema, akinyonya kidole. Akaliinamia kopo. "Haya, mtoto. Msalimie shangazi yako."

Mshonaji alicheka, na machozi yakamtoka. Akaliweka kopo kando ya pipa, mahali mama yake alipozoea kukaa, akalimwagilia maji.