Moshi Uliotoka Ziwani

Kiboko hakutokea upande waliokuwa wakiutazama.

Wote watatu walikuwa wamegeukia matete. Kundi la viboko lilielea pale kimya, pua na masikio tu juu ya maji, na Tadea alikuwa akikadiria kwa macho ni wapi boti yenye wageni ingeweza kusimama bila kuwaudhi. Ndipo boti ikainuliwa kutoka chini. Ililala ubavu, ikakaa hivyo kitambo, kisha ikaanguka kwa kishindo na maji yakaingia. Tadea aliona mdomo mwekundu umefunguka karibu na goti lake, akasikia mbao zikivunjika, na harufu ya majani yaliyooza ikamjaa puani.

"Laleni chini," alisema Bartholomayo, mwenye boti. Alikuwa nyuma ameshika mkono wa injini, anajaribu kugeuza. Hakuwahi. Kiboko alizama, akaibukia nyuma na kuuma palepale alipoketi. Injini iling'oka pamoja na ubao wake ikatokomea majini. Bartholomayo hakupiga yowe. Alitoa sauti kama ya mtu anayejitwika gunia zito, akaangukia ndani ya boti, na maji yaliyokuwa miguuni mwao yakabadilika rangi.

Mkondo wa mto ulioingia ziwani pale kwenye matete ndio uliowaokoa, na ndio uliowapoteza. Uliwasukuma kutoka kwenye matete, mbali na mnyama yule, ukawakabidhi kwa upepo. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa tano, wakati upepo wa kusini unapoanza kulichafua ziwa, na upepo ule haukuuliza wanakwenda wapi.

Tadea alikuwa na nyumba ya wageni pale Mbinga mjini. Wageni wake, wengi wao wanunuzi wa kahawa na watu wa semina, walikuwa na swali moja: huku kwenu kuna nini cha kuona? Alikuwa amesikia redioni kwamba kuna nchi ambako watu hulipa kupanda boti ili watazame nyangumi wakiruka baharini. Nyasa haina nyangumi, alijiambia, lakini ina viboko, ina fisi maji wanaocheza mawe kwa mikono kama watoto, ina furukombe, yule tai avuaye samaki. Akapanga. Akashuka hadi Ngumbo kumtafuta mtu wa boti, akampata Bartholomayo, mtu wa makamo asiye na maneno mengi, wakakubaliana kuizunguka pwani kwanza wao wenyewe kabla ya kuleta mgeni yeyote. Mumewe, Salvatory, mkulima wa kahawa wa Mpepai ambaye hakuwahi kuingia kwenye maji yanayovuka magoti, alikuja kwa sababu hakutaka mkewe aende peke yake. Asubuhi ile waliwaona fisi maji. Waliwaona furukombe. Zilikuwa zimebaki kupigwa picha za viboko tu.

Sasa Tadea alikuwa amepiga magoti kwenye maji mekundu, anafunga kitenge chake kwenye paja la Bartholomayo. Jino lilikuwa limeingia juu ya goti na kutokea upande wa pili.

"Kaza zaidi, dada."

"Nikikaza zaidi mguu utakufa."

"Mguu acha ufe. Kaza."

Alikaza. Damu ilipungua ikawa ya kuchuruzika. Bartholomayo alifumba macho kidogo, kisha akaanza kuwaagiza kwa sauti ya chini, neno kwa neno, kama anayehesabu pumzi zake. Koti la Salvatory lizibe ufa. Kidumu kilichokatwa mdomo kiko chini ya ubao wa mbele, achote maji bila kupumzika. Kasia lile linaloelea walishike kabla halijaenda.

Salvatory alilipata kasia. Alilipiga majini upande huu na upande ule mpaka viganja vikachubuka, na boti ikajizungusha tu kama mbwa anayetafuta pa kulala. Paa za bati za Ngumbo zilizidi kuwa ndogo. Zikawa vimulimuli vya jua. Kisha pwani yote ikawa mstari mmoja wa buluu.

Simu ya Tadea ilikuwa imelowa na kufa. Ya Salvatory iliwaka, ikatafuta mtandao, ikatafuta, mpaka na yenyewe ikazima.

"Atatufuata mtu," alisema Tadea. "Watatuona hatujarudi."

Bartholomayo alimtazama. "Niliaga kwamba huenda tukalala Liuli," alisema. "Kesho ndipo wataanza kuuliza."

Kwa kiu hawakuteseka. Nyasa si bahari. Maji yake hunyweka, na walikunywa kwa viganja kila walipotaka. Kilichowala ni baridi. Wamatengo, kama Tadea na mumewe, wanaijua baridi ya mlimani, lakini ile huwa na moto jikoni wa kuisubiri. Hii iliingia na nguo zilizolowa, ikakaa mifupani. Giza lilipoingia waliona taa za wavuvi wa dagaa, mbali sana, zimepangana juu ya maji kama mji. Walipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Upepo uliwarudishia kelele zao mdomoni, na taa zikabaki pale pale zilipokuwa huku wao wakisogezwa kaskazini, mawimbi yakiingia na kidumu kikiyatoa, kikiyatoa, kikiyatoa.

Kulipokucha hapakuwa na pwani upande wowote.

Salvatory alianza rozari kwa vidole, kwa sababu shanga zake zilikuwa zimezama. Alipofika katikati alisita, akamgeukia Bartholomayo, ambaye alikuwa Mwanglikana. "Kaka, hatukusumbui?"

"Endeleeni," alisema Bartholomayo. "Mimi nasikiliza. Ila mkono wa kuchota usisimame."

Mchana mguu wake ulivimba mpaka ngozi ikang'aa. Tadea alilegeza kitenge aone, na harufu iliyotoka ikamfanya akifunge tena haraka. Mihogo ya kuchemsha waliyobeba kwa chakula cha mchana ilikuwa imekwenda na maji, yakabaki maparachichi machache yaliyojificha chini ya kamba. Walimpa yeye kwanza. Alimung'unya kidogo, akarudisha.

"Mimi ndiye niliyetaka tuwasogelee viboko," Tadea alimwambia mumewe kwa Kimatengo, ili mgonjwa asielewe.

Salvatory aliendelea kumwaga maji. "Sote tulitaka kuona, Mama Walburga," alisema. Kisha akampa kidumu, maana zamu yake ilikuwa imefika.

Siku iliyofuata upepo ulipungua, na Tadea akauona moshi.

Ulisimama upande wa magharibi, mnene, wa kahawia, umenyooka kutoka kwenye maji hadi mawinguni. Alimtikisa mumewe, akamwonyesha. Meli. Haikuwezekana kuwa kitu kingine, na ilikuwa inakuja. Salvatory alivua jaketi lake la kuokolea, lile la rangi ya chungwa, akalifunga kwenye kasia na kulipeperusha huku akilia kama mtoto, bila aibu. Tadea alicheka. Alimwinamia Bartholomayo akamwambia, "Kaka, meli inakuja. Umepona."

Bartholomayo alikuwa anawaka homa. Alijiinua kwa kiwiko, akatazama kwa muda mrefu.

"Hiyo si meli," alisema. "Ni kungu. Fungeni vitambaa usoni. Msipumulie mdomo."

Hawakumwelewa mpaka moshi ulipofika. Haukuwa moshi. Ulikuwa ni wadudu, wadogo kuliko mbu, mamilioni kwa mamilioni, waliozaliwa chini ya ziwa na kupanda wote kwa pamoja. Jua lilififia. Waliwaingia masikioni, machoni, chini ya nguo. Walijaa ndani ya boti kama pumba za mashineni. Tadea alijifunika kwa upindo wa gauni lake, akahisi anazama palepale alipoketi, kwenye hewa. Alisikia Salvatory akikohoa, kisha akitapika. Ilipopita, ziwa lilikuwa tupu kama mwanzo, na wao walikuwa weusi kutoka utosini hadi miguuni.

"Sisi watu wa ziwani, wadudu hawa tunawala," alisema Bartholomayo. Sauti yake ilikuwa imepungua sana. "Wakusanyeni. Wafinyangeni kama tonge."

Waliwakomba kwenye mbao, kwenye nywele, kwenye mikono yao wenyewe. Ladha ilikuwa ya udongo na samaki. Salvatory alikula na machozi yakimtiririka, akatapika, akala tena. Tadea alitengeneza tonge dogo akalipeleka mdomoni mwa Bartholomayo, lakini hakuufungua. Macho yake yalikuwa yanazifuata kingo za boti, yakipima maji yameingia kiasi gani.

"Nani anachota?" aliuliza.

"Mimi," alisema Salvatory.

Baada ya muda akauliza tena, naye Salvatory akajibu vilevile. Akauliza mara nyingi alasiri ile. Jua lilipoanza kushuka hakuuliza. Tadea aliendelea kuchota maji kwa kitambo akingoja swali lile, kisha akaweka kidumu chini na kumgusa shavu.

Mwili ule ulikuwa mzito, na boti ilikuwa inakaa chini zaidi upande alikolala. Koti lililoziba ufa lilikuwa limeanza kuachia. Tadea alikaa akiyatazama hayo yote, na alipozungumza, sauti yake ilimshangaza mwenyewe kwa ukavu wake.

"Baba Walburga, tumshushe majini. Tumwombee, tumshushe. Tutazama sote."

Katika miaka yote ya ndoa yao, Salvatory alikuwa mtu wa kukubali. Biashara ilikuwa ya mkewe, mipango ilikuwa ya mkewe, yeye alikuwa na mibuni yake na amani yake. Sasa alitikisa kichwa.

"Hapana."

"Amekwisha kufa."

"Najua amekufa. Tumemtoa kwake, tutamrudisha kwake. Lala, nitachota mimi."

Alichota. Tadea hakulala, alilia kwa sababu alijua kwamba kama mumewe angekubali, yeye angeshika miguu ya maiti kumshusha.

Hawakuwahi kuelewana baadaye ni asubuhi ngapi zilipita. Upepo ulikuja na kuondoka. Maparachichi yaliisha. Walimfunika Bartholomayo kwa gunia na kulimwagia maji, na harufu ikapita kwenye gunia. Waliacha kusali kwa sauti. Waliacha kusema "wakituona". Ilifika mahali mmoja alichota maji na mwingine akamtazama bila kujua kwa nini anachota, na hata mchotaji mwenyewe hakujua.

Kisha ukungu ulipanda na milima ikawa hapo. Si ile ya kwao yenye migomba na mashamba. Ilikuwa mirefu, imesimama wima kutoka kwenye maji kama ukuta. Chini yake palikuwa na mchanga kidogo, na kwenye mchanga moshi.

Tadea aliugeuzia kisogo. "Ni kungu," alisema.

"Kungu hawatoki nchi kavu," alisema Salvatory. Alichukua kasia. Tadea alikaa bado akiangalia upande mwingine, mpaka aliposikia pumzi za mumewe zinakatika. Ndipo akang'oa ubao wa kukalia, akapiga magoti upande wa pili na kupiga nao makasia.

Walikuwa wanawake wanachoma vyungu. Waliacha kazi yao wakaingia majini hadi kifuani, wakaivuta boti pamoja na waliomo. Mmoja wao, bibi mwenye mikono myeupe kwa udongo, alifunua gunia, akalifunika tena taratibu.

"Huyu ni ndugu yenu?" aliuliza.

"Ndiyo," alisema Salvatory.

Aliwaomba boti siku ile ile ili ampeleke Ngumbo. Aliomba akiwa hawezi kusimama, ameshikiliwa na watu wawili. Wanaume wa kijiji walimsikiliza kwa heshima, kisha mwenyekiti wao akamweleza kwamba ufuko ule haukuwa na barabara, boti ya abiria ilikuwa imepita, na mwili wa namna ile usingefika. Marehemu alizikwa kabla ya jua kuzama, kwenye mteremko wa mawe, na katekista wa kijiji ndiye aliyemsomea. Salvatory alitupa konzi ya changarawe kaburini. Aliporudi kuketi alikuwa mtu mwingine, na hakurudi kuwa yule wa zamani.

Boti ya abiria ilipopita tena iliwachukua hadi Lituhi. Tadea alisafiri njia nzima amefumba macho, mkono umeganda kwenye mkono wa mumewe. Kutoka Lituhi pikipiki iliwaleta Ngumbo, na watu waliokuwa njiani waliwatazama, wakahesabu abiria.

Ottilia, mke wa Bartholomayo, alikuwa amekwisha kaa matanga. Watu wa ziwani hawangoji sana. Alikuwa juu ya mkeka katikati ya wanawake, na Tadea alipiga magoti mbele yake akapokea mikono yake yote miwili.

"Pole, mama," alisema.

"Alisema nini?" Ottilia aliuliza.

Njiani Tadea alikuwa ameandaa maneno mazuri. Kwamba aliwataja watoto. Kwamba alimwomba Mungu. Alimtazama mwanamke yule, akashindwa.

"Alikuwa anauliza nani anachota maji," alisema. "Mpaka mwisho, ni hilo tu."

Ottilia aliitika kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa habari za mtu anayemfahamu. "Mmemlaza wapi?"

Salvatory alimweleza: chini ya milima, mbali kaskazini, kwenye mawe. Alisema aliahidi kumleta. Akaanza kuomba radhi, akaishia katikati, akakaa na kofia ya kuazima mikononi akiikunja.

"Kunafikika?" Ottilia aliuliza.

"Kwa boti tu, mama. Hakuna njia nyingine."

Nje, mawimbi yalikuwa yanapiga mchanga, na kila yalipopiga Tadea alihisi mgongo wake ukijikaza. Alikuwa ameapa, kwenye ile boti ya abiria, kwamba akifika nchi kavu atapanda mlimani kwao na macho yake hayataliona tena ziwa lile.

"Mimi sijawahi kuvuka Lituhi," alisema Ottilia. "Sipajui. Nitahitaji watu wa kunionyesha."

Wanawake walimgeukia Tadea. Alitaka kusema kwamba Salvatory angetosha, kwamba yeye ana nyumba ya wageni, kwamba kahawa inakaribia kuiva. Mikono ya Ottilia ilikuwa bado mikononi mwake, nayo ilikuwa baridi sana.

"Itabidi tungoje upepo upite," alisema hatimaye. "Mwezi wa tisa ziwa hutulia."

"Mwezi wa tisa," alisema Ottilia. Akasogea kwenye mkeka, akampisha mahali pa kuketi.