Ulimi wa Télesphore

Nzi ndio waliotangulia kujua.

Kila Jumamosi alasiri, porto, ile divai nzito na tamu ya Wareno, ilipofunguliwa nyumbani kwa Télesphore pale mtaa wa Bwiza, nzi walifika kabla bilauri hazijajaa. Walitua kwenye vizibo, kwenye kitambaa cha meza, hata kwenye midomo ya watu, na Daphrose, mke wa Télesphore, alikwishazoea kuwapungia kwa mkono mmoja huku ule mwingine ukizungusha kinywaji chake taratibu. Lakini siku hiyo rafiki yao Cirimwami alipoibandua lakiri nyeusi ya chupa ya mwisho na kuvuta kizibo, nzi wote waliinuka kwa pamoja wakatoka dirishani. Sebule ikabaki kimya.

"Umeona?" Daphrose aliuliza.

"Naona nini, shemeji?"

"Nzi. Zote zimekimbia."

Cirimwami akacheka. "Njo vizuri! Leo tutakunywa bila kugombana nazo."

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, wakati Wazungu wengi walipokuwa wakifunga maduka yao na kuuza vitu vya nyumbani hata visahani. Cirimwami, muuza vitenge aliyekimbia vita vya Bukavu, alinunua kwa Mreno mmoja kreti nzima ya porto, akaipeleka kwa rafiki yake Télesphore, karani wa serikali aliyeonja kinywaji hicho kwenye tafrija za ofisi na tangu hapo hakutaka tena kusikia habari za bia. Daphrose alianza kwa kuwamiminia tu. Baadaye ikaonekana kwamba pua yake iliwashinda wote wawili. Walimfunga macho kwa kitambaa, wakamsogezea bilauri moja moja, naye akawaambia bila kukosea: hii imezeekea kwenye pipa, imeiva, ina ladha ya njugu, hii imezeekea kwenye chupa, bado ni mbichi, ina hasira. Wakabishana, kama watu wengine wanavyobishana juu ya mpira, mpaka jua likashuka nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa.

Chupa hii ya mwisho haikuwa na karatasi ya jina. Porto yake ilitoka nzito, nyeusi, ikateremka kwenye kioo cha bilauri polepole kama konokono. Daphrose akainusa. Kwanza ilikuja zabibu kavu, ikafuata sukari iliyoungua, naye akatabasamu. Halafu, chini ya utamu ule, ikampanda harufu ya kitambaa kilichobanduliwa kwenye kidonda kikiwa bado na joto, na ya kinywa cha mgonjwa ambaye hajasukutuliwa siku nyingi. Akaiweka bilauri mezani.

"Mi apana kunywa hii."

Cirimwami alikwisha kuweka ya kwake mdomoni. Macho yakamtoka. Aliitema sakafuni, akakimbilia uani, wakamsikia akitapika chini ya migomba na kujikwangua ulimi kwa kucha.

Télesphore hakutema. Alifumba macho, akaifyonza hewa juu ya kile kinywaji kama waonjaji wanavyofanya, kwa mlio wa kukoroma mbele ya meno, na mlio ule ukaendelea kupita kiasi cha pumzi ya mtu. Machozi yakamtiririka.

"Iko mutu ndani," alimnong'oneza mkewe. "Sheri, iko mutu ndani, na ni mutamu."

Akainywa yote. Akaingiza kidole kwenye bilauri kukomba mashapo, akainua chupa, akalamba shingo yake ndani na nje, mpaka Daphrose akageuza uso kwa aibu.

Wiki ile nyumba ilianza kunuka utamu. Daphrose alisugua sakafu kwa sabuni, akaanika magodoro, akachoma majani ya mkaratusi, na harufu ikabaki palepale, ya zabibu na usaha. Télesphore aliacha kula. Aliuchukua ugali, akaulamba, akaurudisha kwenye sahani unang'aa mate. Alilamba mpini wa jembe. Alilamba ukuta wa chokaa baada ya mvua, akasimama akitafakari, kisha akasema kama anavyosema mwonjaji: "Vumbi. Chumvi kidogo. Mwisho wake mufupi."

"Télesphore, unafanya nini?"

"Naonja tu."

Alipofungua mdomo kumjibu, Daphrose aliona ulimi wake. Ulikuwa mweusi, umeota ukungu mweupe kama ule unaoota juu ya kizibo cha zamani, na ulikuwa hautoshi tena kinywani. Ncha yake ilikuwa ikitembea pole pole juu ya meno, ikitafuta.

Katika chumba cha nyuma alilala Consolée, mama yake Télesphore, aliyeletwa kutoka milimani ili donda la mguu wake litibiwe mjini. Alikuwa bibi mpole, asiyependa kusumbua watu. Kila asubuhi Daphrose alimwosha donda lile na kulifunga upya, na kila asubuhi lilikuwa likipungua. Sasa likaanza kupanuka. Tena lilikuwa safi, jekundu, halina hata tone la usaha, kama sahani iliyokombwa.

"Mabukwe, nani anakufungua hii kitambaa?" alimuuliza mama mkwe wake.

Bibi akatazama ukutani. "Mutoto wangu ananipenda," alisema polepole. "Anakuja kuniangalia."

Mchana wa siku iliyofuata Daphrose alikuwa uani akipembua maharage, jua kali, redio ya jirani ikiimba, watoto wakipiga kelele barabarani, wala hakukuwa na jambo lolote la kumtia mtu hofu, alipousikia kutoka chumba cha nyuma ule mlio wa hewa inayofyonzwa juu ya kitu cha majimaji, ule mkoromo mrefu usiokatika, akaweka ungo chini akaenda peku peku akishika ukuta, na kadiri alivyosogea ndivyo harufu ile tamu ilivyomjaa puani mpaka akahisi ameimeza, akausukuma mlango, akamwona mumewe amepiga magoti kando ya kitanda akiwa amevaa shati lake jeupe la ofisini, uso wake umezama kwenye mguu wa mama yake, na ule ulimi, mrefu kama mkono wa mtoto mchanga, ukiingia na kutoka katika donda taratibu, bila haraka, kama mtu anayekomba chungu cha asali, huku bibi mwenyewe ameziba uso kwa kanga akitetemeka bila kulia.

Télesphore akainua kichwa. Kidevu chake kilikuwa kikidondosha majimaji.

"Huyu ni wa pipa," alisema, na sauti haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba, ya mtu aliyekaa kimya muda mrefu. "Ameiva. Ana njugu. We ni wa chupa, Daphrose. Bado mubichi. Lakini siku nikikufungua..."

Daphrose alitapika palepale mlangoni. Na kabla hajajifuta, ulimi ule ulikwisha kugeuka kuelekea sakafuni, kwenye matapishi yake.

Alimkokota mkwe wake nje kwa nguvu ambazo hakujua anazo, akamlaza kwa jirani yake Mwavita, akakimbia hadi dukani kwa Cirimwami. Alimkuta amekaa nyuma ya vitenge, hasemi na wateja. Ulimi wake ulikuwa umebambuka ngozi yote, kwa tone lile moja alilolitema.

"Shemeji, mi nilitema, na angalia," alisema kwa shida. "Twende Buyenzi. Kwa mwalimu Hamimu, yule wa Kurani."

"Mi ni Mukatoliki."

"Na ile kitu imekuuliza dini?"

Mwalimu Hamimu alikuwa mzee mwembamba mwenye kanzu iliyoshonwa viraka kwa usafi. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akaziba pua yake kwa ncha ya kilemba, maana harufu ilikuwa imeshikamana na nguo za Daphrose.

"Hilo ni jini la kuonja," alisema. "Aliyelifungia kwenye chupa alijua alichofanya. Halina umbo lake, linaazima ulimi. Nikilisomea kwa nguvu litaruka liingie kwenye donda la bibi, na hapo tumekwisha. Lazima linywe kombe kwa hiari yake."

"Litakubali?"

"Kwangu halitakubali. Wewe ulikuwa ukikaa nalo mezani, binti yangu. Wewe unajua mwonjaji anapenda nini."

Akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji ya marashi, na maji yale ya manjano akayatia kwenye chupa ndogo. Hilo ndilo kombe.

Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri, mvua ikinyesha juu ya mabati, Daphrose alitandika kitambaa cha meza kama siku zote. Akaweka bilauri tatu na vipande vya mkate. Mbili alizitia mabaki ya porto ya chupa zilizotangulia, ya tatu akaitia kombe. Hamimu alijificha nyuma ya mlango wa chumba cha nyuma, amemwaga chumvi kizingitini.

"Télesphore," Daphrose aliita. "Njoo tulinganishe."

Akaja. Hakutembea vizuri tena. Kichwa kilitangulia, mwili ukafuata ulimi. Akaketi. Alionja ya kwanza, akasonya. Alionja ya pili, akatema kwenye kitambaa. Alipoinusa ya tatu akarudi nyuma na kiti chake.

"Hii ni nini?"

"Porto nyeupe. Cirimwami ameipata."

"We kwanza."

Daphrose akanywa, akabakiza funda dogo chini ya ulimi. Ilikuwa chungu, yenye ladha ya wino na maua yaliyochacha. Akafumba macho, akaifyonza hewa juu yake, akaachia tabasamu lijitokeze polepole, kama alivyokuwa akitabasamu walipomfunga macho kwa kitambaa.

"Asali," alisema. "Ganda la chungwa. Halafu inakawia, inakawia sana." Akashusha sauti. "Na nyuma yake iko mutu."

Ulimi ukasimama.

"Mutu gani?"

"Sijui. Sijawahi kumuonja."

Jini likamkodolea macho ya mumewe. "Rudisha," lilisema. "Uliyo nayo mudomoni. Rudisha ndani."

Akarudisha. Alitema funda lake kwenye bilauri, povu likaelea juu ya manjano. Ulimi ukaja juu ya meza, ukashuka ndani ya kioo, ukakoroga mara moja, ukainuka ukivuta uzi mrefu wa mate mazito yenye chembe nyeusi, na uzi ule haukukatika.

"Sasa we tena," lilisema. "Kama ni sumu, tutakufa wote."

Daphrose aliangalia chembe zile zikizunguka. Aliziona zikimsogelea, si kwa kuwa aliinamisha bilauri, bali kwa kutaka zenyewe. Akamfikiria bibi kule kwa Mwavita, na Télesphore wa zamani, yule kijana wa shati jeupe aliyemfundisha kushika bilauri kwa shina lake, kisha akanywa, akahisi kitu laini kikimpita kwenye kilimi kama kamasi, akameza.

Akatabasamu. "Tamu," alisema.

Jini likamnyang'anya bilauri, likaimaliza.

Halafu Télesphore akapiga meza kwa paji la uso, mara nyingi, na koo lake likavimba kama la chura. Hamimu alitoka mbio akisoma kwa sauti kubwa, akamsukumia beseni chini ya kidevu. Kilichotoka kilitoka kwa kujikokota, kimeshika meno, na iliwabidi wakivute: kinyama cheusi, kirefu, kimefunikwa utando kama wa maziwa yaliyochemka, kimenasa nywele za watu ambao hakuna aliyewajua, na jino moja dogo. Kilipodondoka kwenye beseni kilianza kugeuka-geuka, kikilamba kuta zake, kikitafuta midomo. Hamimu akakimwagia chumvi, akakifunika kwa sahani na kufunga kwa kilemba chake. Hata hapo waliusikia ule mkoromo chini ya sahani.

Télesphore alikuwa sakafuni analia, na ulimi wake ulikuwa mdogo, wa waridi, kama wa mtoto.

Akiwa mlangoni na beseni kwapani, Hamimu aligeuka.

"Binti yangu. Ulikunywa baada yake?"

Daphrose alitazama mumewe. Alikumbuka uzi ule wa mate, akaona aibu. Alijua kwamba akisema ndiyo atalazwa pale sakafuni atapishwe kama mumewe, na mlango uko wazi, na majirani wamejaa barabarani.

"Apana, mwalimu. Nilikunywa kabla yake tu."

Mzee akamkazia macho kidogo. Kisha akaenda zake mvuani.

Mambo yakatulia. Donda la Consolée likafunga, akarudi milimani kwa miguu yake, hakutaka kusindikizwa na mwanawe. Télesphore alirudi ofisini. Hakuonja tena kitu chochote. Ungempa pilipili au mchanga angetafuna vilevile, na hakulalamika. Cirimwami aliivunja kreti akaitia motoni. Nyumba ikanuka sabuni, na nzi wakarudi.

Mwaka uliofuata Mwavita alijifungua mtoto wa kiume. Daphrose alikwenda kumpongeza asubuhi, amebeba unga na sukari, kama wanawake wengine wa mtaa. Chumba kilijaa vicheko. Mwavita alimwekea mtoto mikononi, bado ana joto la kitanda, utosi wake ukipiga polepole chini ya ngozi nyembamba.

"Mubusu basi, mama! Unaogopa nini?"

Daphrose akainama. Harufu ya kichwa kile ikampanda puani, mbichi, tamu, na kabla hajajua anafanya nini alikwisha kuvuta hewa kidogo kati ya meno.

Mate yakamjaa mdomoni. Akayameza. Yakajaa tena.